Kasri Lisilo na Mgongo

Mke wangu alipotua Guangzhou kwa mara ya kwanza hakuuliza choo kiko wapi wala chakula kikoje. Alisimama nje ya uwanja wa ndege na begi lake, na kikapu cha ukili ambacho nilimkataza asije nacho, akavuta pumzi, akaniuliza, "Kasri liko upande gani?"

"Tupumzike kwanza, mama watoto," nikamwambia. Nikajifanya natafuta teksi.

Inabidi nilieleze hilo kasri, maana bila hilo utaniona mwendawazimu. Mimi ni mtu wa Kariakoo. Shule niliishia darasa la nne, na hilo la nne lenyewe nililikaa nusu, kwa hiyo ukiona nimeandika vibaya endelea tu, maana utaipata. China nimeanza kuja miaka ishirini na kitu iliyopita, na biashara yangu ya kwanza ilikuwa picha za ukutani. Wa umri wangu wanazikumbuka: karatasi kubwa inayong'aa, unaibandika sebuleni kwa gundi ya unga wa ngano. Kulikuwa na maporomoko ya maji, bakuli la matunda, farasi weupe, mtoto mnene wa Kichina aliyekumbatia samaki. Na kulikuwa na kasri.

Lilikuwa jumba la rangi ya siagi, refu kama stesheni ya treni, katikati lina kuba, mbele lina ngazi mbili zinazokutana juu kama mikono ya mtu anayekaribisha wageni. Kila mahali pamenakshiwa, hakuna hata shubiri moja ya ukuta iliyoachwa ipumzike. Mbele yake chemchemi inarusha maji, na bustani imepangwa kama mkeka wa rangi, miti imekatwa mingine kama mipira, mingine kama pia za watoto. Juu ya paa wamesimama watu wa mawe ambao mavazi yao hayakuwatosha. Hao watu wa mawe ndio waliomfanya shehe mmoja wa mtaani kwetu airudishe picha yake baada ya siku mbili. Nikambadilishia ya farasi.

Sasa ile safari ya kwanza. Ili nipate nauli, mke wangu aliuza bangili zake za dhahabu, za harusi, alizopewa na mama yake. Mimi nikafika Guangzhou, nikalala Xiaobei, kule wanakofikia Waafrika, chumba kimoja watu sita, vitanda vya juu na chini. Nilikula mkate na maziwa ya boksi safari nzima kwa sababu sikujua chakula kipi kina nguruwe. Nikanunua picha zangu, nikarudi nimekonda kama fagio. Nyumbani nikakuta wanawake wamejaa ukumbini kuja kumpa mke wangu hongera kwa kurudi kwa mumewe. Nikakunjua picha ya kasri ili waone mali. Dada yangu wa tumbo moja akauliza, "Na hapo umefika?"

Nikamwangalia mke wangu. Mikono yake mitupu. Nikasema, "Nimefika. Nimekunywa chai hapo, dirisha la tatu."

Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilikuwa ndefu, ilikuwa na bustani na mabata maji. Maana kila safari niliyorudi waliniuliza, na kila walipouliza niliongeza. Nikaweka bawabu anayenijua. Nikaweka mnara wa saa. Watoto wakakua na kasri lile, wajukuu wakalikuta. Picha ya kwanza ilipochakaa nikaleta nyingine ileile, na mke wangu kila Ijumaa asubuhi aliifuta kwa kitambaa chenye maji kidogo, kuanzia juu kwa watu wa mawe hadi chini kwenye maua.

Asiyeamini alikuwa dada yangu peke yake. "Kaka yangu namjua," anasema, "hata Bagamoyo alisema amefika, kumbe gari liliharibikia Bunju." Hilo la Bagamoyo ni kweli, lakini nilikuwa mtoto. Basi mke wangu anamwapia: "Wallahi wifi amefika, mimi mume wangu hanidanganyi." Watoto walipomkatia mama yao tiketi aje aione China, dada akamwambia, "Haya wifi, ukipiga picha mbele ya mlango wa hilo kasri, nitakufulia nguo mwezi mzima kwa mikono yangu."

Ndiyo maana pale uwanja wa ndege nilijifanya natafuta teksi.

Siku ya pili nikamwacha amelala hotelini, nikakimbilia kwa tajiri wangu, mwenye mali ninayenunua kwake. Tajiri ni mama wa Kichina, zamani alikuwa na mtambo wa kuchapa zile picha, sasa anauza nguo za watoto barabara ya Zhanqian. Kiswahili amejifunza kwa kugombana na sisi, na Kichina changu nimejifunza kwa kugombana naye. Najua *tai gui le*, ghali mno, na *mei you*, hakuna. Kwa hayo mawili nimeishi, na nakwambia yanatosha, hata hospitali nimekwenda nayo.

Nikamwonyesha kwenye simu picha ya sebule yetu. "Tajiri, unaikumbuka hii?"

Akavaa miwani. "Aaa! Hii uza sana! Sasa *mei you*, kaka. Sasa watu nataka televisheni."

"Sitaki karatasi. Jumba lenyewe. Liko wapi?"

Akaniangalia kama mtu anayemwangalia mteja aliyeuliza bei ya dirisha la duka. "Hii Ulaya, *pengyou*." Pengyou ni rafiki. "Mfalme, zamani sana, mia tatu mwaka. Mimi chapa karatasi tu."

Nilikaa juu ya robota la nguo. Unielewe vizuri hapa: kwamba sijafika, hilo nililijua, uongo ulikuwa wangu. Lakini kwamba liko China, hilo niliamini! Kariakoo nzima tuliamini. Karatasi imetoka China, imebebwa na kontena kutoka China, imeandikwa kwa chini Kichina. Kwa nini jumba lililomo liwe la watu wengine? Nina hakika na yule shehe mpaka anaingia kaburini alijua farasi wake ni wa Kichina.

Tajiri akanihurumia bila kujua anachokihurumia. "Wewe nataka ona? Iko moja, nje ya mji. Mtoto yangu harusi, piga picha huko. Sawasawa na hii. Mimi iko gari. Kesho lete mama."

Nikashukuru Mungu, nikamshukuru na yeye. Lakini kosa nililolifanya ni hili, sikumwambia siri yangu. Ningemwambia, tajiri, mke wangu anajua mimi nimefika huko, nisitiri. Nikaona aibu. Mtu mwenye mvi kumwambia mwanamke wa watu kwamba nimekuwa nikimdanganya mke wangu tangu watoto hawajaota meno!

Kesho yake asubuhi tukapanda gari. Mke wangu alikuwa amevaa baibui jipya, amejifukiza udi ndani ya chumba cha hoteli mpaka king'ora cha moto kikalia, lakini hiyo ni habari nyingine. Yeye na tajiri walielewana kabla hatujamaliza kutoka mjini. Mmoja kashika mkono wa gauni la mwenzake, mwingine kashika ukingo wa baibui, wanapapasa. Mke wangu ni fundi cherehani, miaka arobaini. Hawakuwa na lugha lakini walikuwa na kitambaa.

Mlangoni pana dirisha la tiketi. Nikatoa nusu ya bei iliyoandikwa, nikasema *tai gui le*. Binti wa tiketi akacheka hadi akaita wenzake waje wanione. Nikaanza kuondoka, kama tunavyofanya kwenye soko la nguo la Shahe, unaondoka polepole ili uitwe. Sikuitwa. Tajiri akalipa bei kamili huku amefunika uso kwa mkono.

Lakini ndani! Nisifiche, kulikuwa kuzuri. Kasri limesimama mbali, la rangi ya siagi, na kuba lake, na ngazi zake mbili. Kutoka mlangoni hadi kwenye ngazi ni njia moja imenyooka, katikati mfereji wa maji umenyooka, huku miti, kule miti, yote kimo kimoja, imenyolewa kama vichwa vya watoto wa chuo cha Kurani siku ya kuamkia Idi. Hakuna jani linalokua linavyotaka. Tajiri alinieleza kwamba wafalme wa Ulaya walipenda hivyo, mfalme asimame dirishani aone kila anayekuja tangu yuko getini. Nikasema huyo hakuwa mfalme, huyo alikuwa mama mkwe.

Na maharusi! Kasri lile limejengwa kwa ajili yao, wanakuja kupiga picha siku yoyote, si lazima siku ya ndoa. Wamejaa kama njiwa. Mabibi harusi wananyanyua magauni kuvuka nyasi, chini wamevaa raba. Mabwana harusi wamevaa makoti ya kifalme yenye vifungo vya dhahabu, jasho linawatiririka. Mke wangu kashika shavu. "Maskini," ananiambia, "hana hata shangazi mmoja?" Maana bibi harusi mmoja alikuwa anashuka zile ngazi, mzuri, shela linamfuata nyuma, na wote wako kimya, mpiga picha tu ndiye anayepiga kelele.

Mke wangu hakuvumilia. Akaweka kikapu chini, akapiga kigelegele.

Kile kigelegele kilipanda hadi kwenye kuba. Mabata maji yakatoka majini. Bibi harusi akasimama katikati ya ngazi, mdomo wazi, halafu akaanza kucheka, na mumewe akacheka, na mpiga picha akawa anabonyeza kama mtu aliyepewa bure. Mara akaja bibi harusi mwingine, anaashiria kwa vidole mdomoni: na mimi. Halafu mwingine. Wakapanga foleni! Mke wangu kasimama chini ya ngazi kama mwenye mji wake, anawapokea mmoja mmoja, na tajiri pembeni anajifunza, ulimi haumkubali, anatoa sauti kama birika linalochemka. Nilicheka hadi nikakaa kwenye ukingo wa chemchemi, suruali ikalowa. Nikajisemea, yamekwisha, nimesalimika.

Baada ya kigelegele cha nne au cha tano niliona amenyamaza. Anatazama juu. Midomo inacheza. Anahesabu.

"Baba watoto."

"Naam."

"Madirisha ya huku ni tisa."

"Eeh."

"Ya nyumbani kumi na moja."

"Watakuwa wamekarabati."

"Na yule mwanamke wa jiwe mwenye mtungi?"

"Labda alianguka."

Akaniangalia kidogo tu, akarudi kuliangalia kasri. Sasa fundi cherehani, kama humjui, haangalii nguo usoni. Anaigeuza. Nguo nzuri utaijua kwa ndani, kwenye mshono. Mke wangu akaenda kwenye nguzo kubwa ya mlangoni, nguzo ambayo watu watatu hawaikumbatii, akaigonga kwa kifundo cha kidole. Ikalia kama simtanki lisilo na maji. Akagonga na ya pili. Kisha akashika kikapu chake akaanza kuzunguka jumba, na mimi nyuma yake, na tajiri nyuma yangu.

Kasri halikuwa na mgongo. Nasema kweli. Mbele ufalme, pembeni ufalme nusu, nyuma hakuna kitu. Mabomba ya chuma yameegemea ukuta wa unene wa mkono, mbao, nyaya, pikipiki za umeme zimepangwa, ndoo za kudekia, kamba ya nguo imeanikwa soksi na aproni. Wafanyakazi watatu wa bustani wamekaa kwenye makreti wanakula. Yale madirisha tisa, kwa nyuma, yalikuwa mapazia yamegongewa misumari.

Mke wangu akasimama. Akamgeukia tajiri, akamuuliza taratibu, anachagua maneno ili mwenzake aelewe. "Dada. Mume wangu anakuja hapa mara nyingi?"

"Yeye?" Tajiri akacheka. "Hapana! Leo mara ya kwanza! Miaka mingi mimi sema, *pengyou*, njoo tembea, China nzuri. Yeye hapana. Yeye kontena, kontena, kontena."

Nilitamani moja ya zile nguzo iniangukie. Hata hivyo isingeniumiza, ilikuwa tupu.

Mke wangu akasema maneno matatu. "Dirisha la tatu." Akaanza kutembea. Kuna ziwa kule nyuma ya bustani, la kuchimba, lina daraja dogo jeupe. Akalizunguka lote bila kugeuka, mimi hatua tano nyuma. Tulipofika kwenye daraja nikamwambia yote, wima, kama kwa kadhi. Chumba cha watu sita. Mkate. Bangili zake. Kwamba nilipoona mikono yake mitupu mbele ya wale wanawake nilitaka angalau bangili ziwe zimenunua kitu kikubwa.

"Niliapa," akasema. "Mara ngapi nimemwapia wifi yangu?"

"Nyingi."

"Utafunga siku tatu, kafara ya kiapo."

"Lakini aliyeapa ni wewe, na hukujua..."

"Nani atafunga?"

"Mimi."

"Na mnara wa saa?"

"Haupo."

"Na bawabu?"

"Bawabu naye."

Hapo nikaona bega lake linatikisika. Nikadhani analia, nikasogea. Alikuwa anacheka. Anajizuia, hataki nione, kicheko kinamtoka puani. "Bawabu wangu jamani," anasema, "nilimpenda yule bawabu. Kuna mwaka ulisema amefiwa na mkewe, nikamsomea dua." Akakaa chini kwenye daraja akacheka hadi machozi, na mimi nikakaa, na wakati huo sikujua kama nimesamehewa au bado.

Bado. Tuliporudi kwa tajiri, wale wafanyakazi wa bustani walikuwa wameshamkaribisha, wakatusogezea makreti, wakatumiminia chai ya kijani kwenye vikombe vya karatasi. Haina sukari. Mke wangu akanipa changu. "Kunywa," akasema. "Angalau leo uwe mkweli." Tajiri alipoelezwa, kwa Kiswahili cha vidole, nilichokitenda mimi, alijipiga kofi pajani akasema, "Kaka wewe mbaya! Mbaya sana!" Na akakataa kuniangalia mpaka kikombe cha pili.

Nikamuuliza mke wangu kuhusu picha ya mlangoni. Nilijua dada yangu anasubiri huko na simu mkononi.

"Nimeshapiga," akasema. "Kasri si lipo? Mlango si upo? Mimi si nimesimama hapo? Afue nguo zangu. Mwezi ukiisha nitamwambia mwenyewe."

Halafu akaweka kikombe chini. Kicheko kikamwisha usoni.

"Miaka yote hiyo ukisafiri," akasema, "mimi nikilala najua uko wapi. Nafumba macho nakuona, ngazi ile, dirisha lile. Kumbe nilikuwa namwangalia mtu mwingine. Wewe ulikuwa wapi?"

"Nimekwambia. Xiaobei."

"Nipeleke."

"Hapana kitu kule, mama. Ni chumba."

"Baba watoto. Nipeleke."

Alasiri ile tajiri akatushusha Xiaobei, kwenye jengo lilelile. Lifti ndogo, ukuta una harufu ya mafuta ya kukaangia. Msimamizi ni mama mpya, mnene, sikuwahi kumwona. Nikamwonyesha kwa vidole kwamba tunataka kuangalia tu. Wakazi walikuwa sokoni. Akafungua.

Vitanda sita. Vya chuma, rangi imebadilishwa lakini kutu ileile. Mabegi, maturubai, kamba, suruali ya mtu. Nilisimama mlangoni kwa sababu tukiingia wawili hapageukiki. Niliona haya kuliko kule kwenye kasri, nakwambia ukweli.

Yeye akaingia. Akashika godoro kwa vidole viwili, akageuza ukingo wa shuka akaangalia mshono. "Kipi chako?"

Nikaonyesha cha juu, cha dirishani.

Akavua viatu. Akakunja baibui, akaweka mguu kwenye ngazi ya chuma. Nikamwambia, mama watoto magoti yako, akaniambia magoti yangu hayakuhusu. Akapanda. Kitanda kikalia, msimamizi akaja kuchungulia, akasema kitu, nikamwambia *mei you*, *mei you*, sikujua hata ninachokikanusha. Mke wangu akajilaza, kichwa kwa upande niliokuwa nalaza mimi, akageukia dirisha.

"Unaona nini?" nikamuuliza.

"Ukuta."

"Si nilikwambia."

"Hukuniambia. Ndiyo maana nimepanda." Akawa anauangalia ule ukuta wa jirani, mrefu, una bomba na mashine ya hewa inayodondosha maji. Aliuangalia muda mrefu. Halafu akajiweka sawa kama mtu aliyefika, akakunja mkono chini ya shavu. "Haya. Siku ya kwanza. Umeshuka kwenye ndege. Ulikuwa na nini mkononi?"

Nikakaa kitanda cha chini, cha mtu nisiyemjua, nikaanza. Nilivyopotea stesheni. Mwanamke aliyenivuta mkono barabarani magari yasinigonge. Jinsi nilivyooga kwa maji ya moto kupita kiasi nikadhani ndivyo Wachina wanavyooga. Alikuwa anacheka kule juu na chuma kinatikisika juu ya kichwa changu, na mimi nilikuwa nasema haraka haraka, maana mambo yalikuwa mengi kuliko nilivyodhani, na hakuna hata moja nililokuwa nimewahi kumwambia mtu. Nilipofika siku ya sita akagonga ubao wa kitanda kwa kisigino.

"Rudi nyuma," akasema. "Ya tano umeiruka."